Modemu, Habu, Swichi na Ruta: Tujue Tunachonunua

Mada kwa wakazi wa Bulyaga, Tukuyu, Wilaya ya Rungwe



Leo tunazungumzia vifaa vinne vya mtandao ambavyo kwa sura hukaribiana sana. Vingi ni visanduku vidogo vyenye taa zinazomweka na matundu ya kuchomekea waya, lakini kila kimoja kina kazi yake. Mnunuzi asiyejua tofauti hizo hulipia kifaa kizima ambacho hakiwezi kumfanyia kazi aliyoikusudia. Akirudi dukani kulalamika, huambiwa kwamba kifaa hakina kasoro, na kweli hakina. Hasara inabaki kuwa yake.

Tuchukue mfano wa mwenye ofisi ya kuchapa na kutoa nakala hapa mjini Tukuyu. Ana kompyuta tatu, na printa moja yenye tundu la waya wa mtandao. Anahitaji mambo mawili: kompyuta zote zitumie printa ile, na zote zipate intaneti kwa bando moja. Akiomba dukani “kifaa cha mtandao” bila kusema zaidi, anaweza kupewa chochote kati ya vinne hivi. Tuvitazame kimoja baada ya kingine.

Cha kwanza ni modemu. Kazi yake ni kutafsiri. Kompyuta husema kwa tarakimu, ilhali waya wa simu na mawimbi ya mnara hubeba ishara za namna nyingine. Modemu husimama katikati kama mkalimani kati ya bibi azungumzaye Kinyakyusa na mgeni asiyekijua. Kile kifaa kidogo kinachowekwa laini ya simu na kuchomekwa ubavuni mwa kompyuta ni modemu. Kwa kawaida huihudumia kompyuta moja tu.

Cha pili ni habu. Hii huunganisha kompyuta kwa waya, lakini haina uchaguzi: ujumbe ukiingia kwa tundu moja, hutolewa kwa matundu yote. Ni mfano wa tangazo la kipaza sauti sokoni: anayeitwa ni mmoja, wanaosikia ni wote. Matokeo yake ni mawili. Mtandao huwa mzito kadiri kompyuta zinavyoongezeka, na mtu mwenye ujuzi na nia mbaya anaweza kunasa, kwa kompyuta yake, ujumbe usiomhusu. Habu ni teknolojia iliyopitwa na wakati, na leo huonekana zaidi katika vifaa vilivyokwisha kutumika. Tunawashauri msiinunue hata ikiwa bei yake ni ndogo.

Cha tatu ni swichi. Hatusemi ile ya kuwashia taa. Kwa nje swichi ya mtandao hufanana na habu, na hapo ndipo wengi hupotea. Tofauti ni kwamba swichi hukumbuka ni kifaa gani kiko kwenye tundu gani, kwa kuwa kila kifaa cha mtandao hupewa kiwandani anwani yake. Ujumbe wa printa huupeleka kwa printa peke yake, kama tarishi anayezijua nyumba zote za mtaa. Kwa hiyo swichi inatosha kabisa kuziunganisha kompyuta tatu na printa. Lakini tukumbuke: swichi haileti intaneti. Inaigawa tu ile iliyoletwa na kifaa kingine.

Cha nne ni ruta. Hii huunganisha mtandao mmoja na mwingine: ule wa ndani ya ofisi yako na ule wa kampuni inayokupa huduma. Mfikirieni karani wa vifurushi pale stendi, ajuaye upi ni mzigo wa kwenda Mbeya na upi ni wa kwenda Kyela. Ruta ndiyo inayowezesha bando moja kutumiwa na vifaa vingi kwa wakati mmoja.

Sasa tuangalie mahali fedha inapookolewa. Ruta nyingi za nyumbani zinazouzwa siku hizi zimekusanya kazi kadhaa katika sanduku moja: zina modemu ya kupokea laini ya simu, swichi ya matundu machache, na antena za kusambaza Wi-Fi. Ndugu yetu wa ofisi ya kuchapa akipata ruta ya namna hiyo yenye matundu manne kwa ajili ya vifaa vya ndani, hahitaji kununua kitu kingine: matatu ni ya kompyuta na la nne ni la printa. Akipata yenye tundu moja au mawili, ataongeza swichi ya matundu matano au zaidi, au kompyuta nyingine azitumie kwa Wi-Fi. Kwanza ahesabu vifaa, kisha ahesabu matundu, ndipo aulize bei.

Tusidanganyike pia kwamba ruta mpya huongeza kasi ambayo mnara hauitoi. Kabla ya kununua, weka laini ya kampuni unayoikusudia kwenye simu yako, kisha ijaribu pale pale utakapoweka ruta. Nchi yetu ya Rungwe ni ya vilima, na nyumba mbili za jirani huweza kupata mawimbi tofauti.

Ukiwa dukani, uliza haya. Je, ruta hii inakubali laini za kampuni zote, au imefungwa kwa kampuni moja? Je, inatumia 4G? Ina dhamana ya muda gani? Dai risiti, na uitunze.

Ukifika nyumbani, badilisha nenosiri lililokuja na ruta, kwa sababu mara nyingi limebandikwa chini yake na kila aingiaye anaweza kulisoma. Laini iliyomo ndani ya ruta ni laini kama nyingine: isajiliwe kwa jina lako na kwa alama zako za vidole. Kwa kupiga *106# utaona namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako. Na kwa kuwa mvua zetu huja na radi, ngurumo zisisubiriwe kukaribia: mapema chomoa waya wa umeme, na ule wa mtandao unaotoka nje.

Huduma ikikusumbua, peleka malalamiko kwanza kwa kampuni inayokuhudumia, na uweke kumbukumbu ya tarehe na majibu uliyopewa. Usiporidhika, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, ina ofisi ya kanda jijini Mbeya ambako malalamiko yako yatapokelewa.

Ndugu wananchi, hatuwaombi muwe mafundi. Tunawaomba mwingie dukani mkiwa mmekwisha kuijua kazi mnayoitaka, ili muuzaji awauzie kile mnachokihitaji.