Kibarua cha Kwenye Simu



Jumanne iliyopita nilipanda bodaboda kutoka Mwenge kwenda Posta. Nilimwita kijana kwa simu, kama ilivyo desturi ya siku hizi, nikaliona jina lake na namba ya pikipiki kabla sijamwona yeye mwenyewe. Alipofika akaniamkia, "Shikamoo mzee," kisha akashusha sauti: "Samahani mzee, unaweza kuikata hiyo safari kwenye simu nikupeleke hivi hivi? Bei ni ile ile." Nilikataa, kwa sababu ile namba kwenye simu ndiyo usalama wangu. Hakukasirika. Alinipa helmeti, tukaondoka. Lakini ombi lake limenikaa kichwani mpaka leo.

Neno letu kibarua maana yake ya asili ni barua ndogo. Mtu wa kutwa alipewa kikaratasi alipoanza kazi, akakirudisha alipolipwa, na jina la karatasi likamhamia mtu. Sasa kikaratasi kimeingia ndani ya simu. Wataalamu wameipa kazi hii majina mazuri mazuri, uchumi wa kidijitali, ajira za majukwaa na kadhalika. Mimi naiita kibarua, na sioni kama nakosea.

Tusiseme kwamba kibarua ni balaa tupu. Tazama historia ya bandari zetu. Meli haziji kwa kengele ya kazi. Leo zinatia nanga tatu, kesho hakuna hata moja. Mwenye kampuni ya kupakua shehena hakutaka kuwalipa watu wanaotazama bahari, basi akawa anachukua vibarua siku kwa siku. Na vibarua wengi wenyewe waliupenda utaratibu huo. Mtu alibeba magunia siku anazotaka, siku nyingine akashinda shambani kwake, na hakuna nyapara wa kumwuliza. Kilichowaumiza ni ujira mdogo, maisha kupanda, na ile siku isiyokuwa na meli. Mwaka 1947 waligoma, Mombasa mwezi Januari, na Dar es Salaam mwezi Septemba. Katika miaka ya 1950 waajiri wa bandari ya Mombasa wakaanza kuwageuza vibarua kuwa watu wa mshahara wa mwezi. Wapo walionung'unika, maana walinyang'anywa uhuru wa kuchagua siku.

Kijana wangu wa Mwenge angewaelewa watu hao. Tulipokwama kwenye foleni nilimwuliza mbona hatafuti kazi ya kuajiriwa. Akacheka. Aliwahi kuwa mlinzi, mshahara ukawa unachelewa miezi miwili. Hapa, alisema, kila jioni analala na hela yake. Mama yake akiugua anazima simu, anakwenda Kibaha kumwuguza, haombi ruhusa kwa mtu. Jambo hilo si dogo, na wale wanaoidharau kazi hii wakiwa ofisini wenye mshahara wa uhakika wangelifikiria kidogo.

Sasa tupige hesabu. Tuseme kutwa nzima dereva ameingiza nauli za shilingi 40,000. Tuseme kampuni yenye programu inachukua asilimia 20, hizo ni 8,000. Petroli 10,000. Pikipiki si yake, mwenyewe anadai hesabu ya 10,000 kila siku, inyeshe isinyeshe. Bando la simu 1,000. Zinabaki 11,000, na bado hajala, hajabadilisha oili, hajaweka akiba ya tairi. Na hiyo ni siku njema. Siku mbaya kampuni haipati kitu lakini pia haipotezi kitu, ila yule mwenye pikipiki atapiga simu jioni kama kawaida. Ile siku isiyo na meli, ndugu msikilizaji, bado ipo, na anayeilipia ni yule yule. Akianguka akavunjika mguu, hesabu inasimama, na pengine pikipiki inachukuliwa na kupewa mwingine.

Hapo ndipo nilipolielewa ombi lake. Kukata safari ni kuiokoa ile asilimia 20. Na hapo pia ndipo mwajiri anapoanza kuumia, ingawa hapendi kuitwa mwajiri. Amekwepa mshahara, likizo na mchango wa pensheni, lakini amepata watu wasio wake. Abiria wa mjini wanaijua simu ile: "Unakwenda wapi? Unalipa keshi?" Ukitaja mahali asipopataka au malipo ya kwenye simu, dereva hatokei. Jina linalochafuka ni la kampuni. Mwenye mgahawa anayetuma chakula kwa njia hiyo naye anapigiwa simu na mteja mwenye njaa, wala hana wa kumkaripia.

Serikali ilijaribu kuingia kati kwa njia ya kamisheni. Mwaka 2022 LATRA iliagiza isizidi asilimia 15. Mwezi Aprili mwaka huo Uber ikasimamisha huduma nchini, ikarudi Januari 2023 baada ya ukomo kupandishwa tena hadi asilimia 25. Wakenya nao, kwa kanuni zao za 2022, waliweka asilimia 18. Mimi siamini kwamba ugomvi wa asilimia peke yake utatufikisha mbali. Kamisheni hata ikiwa asilimia 5, dereva aliyevunjika mguu bado yuko nyumbani bila kitu.

La msingi ni swali la nani ni mfanyakazi. Mahakama ya Juu ya Uingereza ilijibu Februari 2021: madereva wa Uber waliofungua kesi ni wafanyakazi, kwa kuwa kampuni ndiyo inayopanga nauli na kumwadhibu anayekataa safari. Tena mahakama ilihesabu kuwa muda wa kazi ni pamoja na ule ambao dereva amewasha programu akingoja kuitwa, akiwa tayari kwenda. Yaani hata kungoja meli ni kazi.

Sisi hatuko mikono mitupu. Sheria yetu ya Taasisi za Kazi ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inamchukulia mtu kuwa ni mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, iwapo mathalani namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, au anamtegemea huyo mwingine kwa kipato chake. Akishatambuliwa hivyo, mlango wa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi na wa NSSF unafunguka, na mwajiri naye akachangia, badala ya kijana kuambiwa ajichangie mwenyewe kama aliyejiajiri, kutoka kwenye zile 11,000.

Tulipofika Posta nilimweleza kijana habari za kifungu hicho. Alisikiliza vizuri, akakuna kichwa. Kisha akatoa simu ya pili mfukoni, ya kampuni nyingine. "Sasa mzee," akaniuliza, "kama nipo kwa wawili, mwajiri wangu ni yupi?"

Nilimwambia hilo ndilo wanasheria watakalogombania. Moja ya simu ikalia. Alikuwa abiria wa Kariakoo.