Ghala la Bure na Gharama Zake
Mazungumzo kwa wakazi wa kata kuhusu programu huria



Programu ya kompyuta hutungwa kwa mistari ya maandishi iitwayo msimbo. Programu ikiwa huria, kila mtu ana ruhusa ya kuusoma msimbo huo, kuurekebisha na kuugawa. Vijana wanaojitolea kutunga, tuseme, programu ya kupokea taarifa za mabomba yaliyopasuka, huhitaji ghala moja la kuuweka, ili wa kijiji hiki na wa kijiji kile wafanye kazi bila kufutiana. Swali la kwanza huwa bei.

Bei si kikwazo kikubwa. GitHub, mali ya Microsoft tangu 2018, hupokea programu huria bila ada. Codeberg, inayoendeshwa na chama kisicho cha faida kilichosajiliwa Berlin, Ujerumani, hutegemea michango. Wapo pia wanaotamani seva yao wenyewe, wakitumia Forgejo, programu isiyo na ada inayotosheka na kompyuta ndogo. Tamaa hiyo ina mtego. Umeme, bando, nakala za akiba na mtu wa kuamka usiku seva inapozima ni fedha, au ni usingizi wa mtu asiyelipwa. Kikundi cha watu watano hakina sababu ya kujitwisha hayo.

Gharama nzito ni ya kuhama. Google ilifunga ghala lake, Google Code, Januari 2016, na miradi mingi ikalazimika kutafuta makao. Waliotumia Git, chombo alichokibuni Linus Torvalds mwaka 2005, walikuwa na nafuu: kila mshiriki hubaki na nakala ya msimbo pamoja na historia yake. Lakini taarifa za hitilafu na majadiliano kwa kawaida hazimo katika nakala hiyo. Hukaa kwa mwenye ghala. Nazo ni mali, kwa kuwa msimbo huonyesha kilichofanywa, ilhali majadiliano hueleza kwa nini. Ndiyo maana inafaa kikundi kijaribu kutoka kabla ya kuingia: kifungue mradi wa majaribio, kiandike taarifa mbili tatu, kisha kijaribu kuzihamishia kwingine.

Umiliki wa akaunti uwe mikononi mwa watu wawili angalau. Kijana mwenye neno la siri peke yake akipata kazi mkoa mwingine, au akipoteza simu ya uthibitisho, ghala la bure huwa limefungwa kwa wote.

Jambo la mwisho linawagusa hata wasioandika msimbo. Ghala la programu huria huonekana na dunia nzima. Majina na namba za simu za wakazi waliotoa taarifa za mabomba zisiwekwe humo kamwe, hata kwa majaribio ya siku moja, maana historia ya Git hutunza hata kile ambacho mwandishi anadhani amekwisha kukifuta.