WATU WA CHAI NA KURA ZA MAREKANI
(Maneno yaliyosemwa mbele ya mkutano wa tawi)



Baadhi yenu mmeuliza kwa nini sisi watu wa reli tupoteze jioni nzima kwa siasa za Marekani, na huku tuna mambo yetu tele. Jibu letu ni hili. Katika habari hii imo reli iliyokufa kabla haijajengwa, na vyama vya wafanyi kazi vilivyokatwa miguu kwa sheria. Na mambo hayo yalianzia katika mikutano midogo kama huu wetu.

Mwaka 2008 mabenki makubwa ya Marekani yaliyumba, na serikali ya Rais Bush ikapata ruhusa ya Bunge kutoa mpaka dola bilioni 700 ili kuyaokoa. Novemba mwaka huo Barack Obama akachaguliwa. Sisi hapa tunakumbuka vizuri, maana tarehe 6 Novemba serikali yetu ilitupa siku ya mapumziko kwa sababu baba yake alikuwa mtu wa Nyanza. Lakini huko kwao si wote waliosherehekea. Tarehe 19 Februari 2009, mtangazaji mmoja wa televisheni, Rick Santelli, alisimama katika soko la biashara la Chicago akalalamika kwa ukali kwamba serikali inataka kuwasaidia watu walioshindwa kulipa mikopo ya nyumba. Akasema watafanya karamu ya chai. Maana yake ilikuwa kukumbusha watu wa Boston mwaka 1773, waliotupa chai baharini kwa kuikataa kodi ya Mwingereza. Jina likashika: Tea Party. Sisi tutawaita Watu wa Chai, na tafadhali msidhani ni chai ile ya chini ya meza.

Tarehe 15 Aprili 2009, siku ya mwisho ya watu kupeleka hesabu za kodi, walikusanyika katika mamia ya miji. Agosti wakajaza mikutano ya wabunge, wakipiga kelele juu ya mswada wa matibabu.

Ni watu gani hao? Wengi walikuwa Wazungu wa makamo na wazee, si maskini, wengine wamestaafu kazi. Wataalamu wawili, Theda Skocpol na Vanessa Williamson, walikwenda kukaa nao mikutanoni, na mwaka 2012 wakatoa kitabu. Waliona vikundi karibu 1,000 nchi nzima. Waliona pia jambo la ajabu: watu hawa waliochukia fedha za serikali walishika kwa mikono miwili pensheni zao na matibabu ya wazee yanayolipwa na serikali hiyo hiyo. Waliposemeshwa, walijibu kwamba yao wameyatolea jasho, bali wengine wanataka kula bure. Ndugu, maneno hayo si mageni. Hata katika karakana yuko mtu wa kudumu amwonaye kibarua kama mwizi wa mkate wake.

Tena kulikuwa na chuki. Wengine walishikilia kwamba Obama hakuzaliwa Hawaii bali hapa Kenya, na kwa hiyo si rais halali. Sisi tulisikia tukacheka. Huko halikuwa jambo la kuchekwa: Aprili 2011 ilimbidi rais mzima atoe cheti chake cha kuzaliwa kiangaliwe na dunia yote.

Na fedha? Zilikuwako. Chama cha Americans for Prosperity, kilichosaidiwa na ndugu wawili matajiri, Charles na David Koch, kilikuwa kimeanzishwa tangu 2004, na televisheni ya Fox iliwatangaza bila kuchoka. Wako wasemao kwamba harakati yote ilinunuliwa. Sisi hatukubali. Tajiri aweza kukodi mabasi na kuchapa mabango, lakini hawezi kumlipa mzee wa kijijini ahudhurie mkutano mwezi baada ya mwezi, asome kanuni za uchaguzi, na ajue jina la kila mjumbe wa mtaa wake. Hayo waliyafanya wenyewe. Tukiwadharau, hatutajifunza lolote.

Sasa tufike penye kiini. Marekani ina vyama viwili vikubwa tu, na mtu akianzisha cha tatu hupotea. Watu wa Chai hawakuanzisha chama. Waliingia ndani ya chama cha Republican kwa mlango mdogo, yaani mchujo. Siku ya uchaguzi mkuu watu wengi hutoka. Siku ya mchujo wengi hulala nyumbani. Asiyekuwako na lake haliko. Mwezi Mei 2010, katika Utah, Seneta Bob Bennett, aliyekuwa amekaa vipindi vitatu, aliangushwa katika mkutano wa chama chake wenye wajumbe kama 3,500. Juni 2014, katika Virginia, aliangushwa Eric Cantor, mkubwa wa pili wa Republican katika Baraza la Wawakilishi. Aliyemshinda alikuwa mwalimu wa chuo, David Brat, naye alikuwa na fedha kidogo sana. Waliopiga kura hawakuzidi 66,000, katika wilaya yenye watu zaidi ya 700,000.

Hesabu ya walioangushwa si kubwa, lakini hofu iliwaingia waliobaki. Mbunge aliyeona mwenzake ameangushwa hakungoja aambiwe. Alianza kusema kama Watu wa Chai kabla hawajamgongea mlango.

Mara nyingine walijiharibia. Katika Delaware mwaka 2010 walimkataa Mike Castle, mzee aliyependwa na wengi, wakamsimamisha Christine O'Donnell, naye akashindwa vibaya na Democrat. Hata hivyo tarehe 2 Novemba 2010 Republican walipata viti 63 zaidi katika Baraza la Wawakilishi, wakalishika. Oktoba 2013 wabunge wao wakali walisababisha ofisi nyingi za serikali kufungwa siku 16, kwa kutaka sheria ya matibabu izuiwe.

Lakini siku ile ya Novemba 2010 walichaguliwa pia magavana, na hapo ndipo penye uchungu wetu. Scott Walker alishinda Wisconsin, John Kasich akashinda Ohio, Rick Scott akashinda Florida. Wote walisukumwa na wimbi lile. Serikali kuu ilikuwa imewatengea fedha za reli za abiria: Wisconsin dola milioni 810, Ohio milioni 400, Florida zaidi ya bilioni 2. Wote watatu walizikataa, kwa kusema reli zitakuwa mzigo kwa walipa kodi. Fedha zikapelekwa majimbo mengine. Hebu fikirini, mtu anakataa kujengewa reli!

Kisha Februari 2011 Walker akaleta sheria juu ya wafanyi kazi wa serikali, ndiyo iitwayo Act 10. Tuieleze polepole. Chama kiliachiwa kujadiliana juu ya mshahara peke yake, na nyongeza isipite kupanda kwa bei za vitu ila raia wakubali kwa kura. Ada ya chama isikatwe tena kwenye mshahara. Na kila mwaka wafanyi kazi wapige kura kama chama kiendelee kuwasemea, na kishinde zaidi ya nusu ya watu wote wa kazi hiyo, si nusu ya waliofika. Aliyebaki nyumbani amehesabiwa adui. Polisi na wazima moto wakaachwa nje ya sheria hiyo, ili wafanyi kazi wasiwe kitu kimoja. Na Wisconsin ndiyo iliyokuwa ya kwanza, mwaka 1959, kuwapa wafanyi kazi wa miji na wilaya haki ya kujadiliana!

Watu walijaa katika jumba la bunge huko Madison wiki kadhaa, na maseneta 14 wa Democrat wakakimbilia Illinois ili kikao kisitimie. Sheria ikapita, ikatiwa sahihi tarehe 11 Machi. Wafanyi kazi wakalazimisha uchaguzi wa kumwondoa Walker, tarehe 5 Juni 2012, akashinda tena. Kwa maswali waliyoulizwa watu vituoni, zaidi ya thuluthi ya kura za nyumba zenye mwanachama wa chama cha wafanyi kazi zilimwendea yeye. Wafanyi kazi wa makampuni waliambiwa kwamba wale wa serikali wanakula jasho lao, nao wengi wakasadiki.

Ohio ilikwenda njia nyingine. Sheria ya huko iliwagusa hata polisi na wazima moto, basi wote wakasimama pamoja. Walikusanya sahihi zaidi ya milioni moja, wakaipeleka sheria yenyewe kwa raia, si jina la gavana. Novemba 2011 ikakataliwa kwa asilimia 61 ya kura.

Neno moja la treni. Wisconsin ilikuwa imeagiza treni mbili mpya za Talgo, zikaundwa pale pale Milwaukee, kisha serikali ya Walker haikuzitumia. Zilikaa miaka. Mwaka 2022 zilinunuliwa na jimbo la Lagos, Nigeria.

Sasa maswali. Wenzetu wa zamu ya usiku waulize kwanza, maana wana haraka.