Askari wa Kuja na Picha za Nyumbani

Wasikilizaji wetu wa Tabora na wa njia yote ile ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Ujiji, leo nina hoja moja ya kutetea: picha zilizotunzwa na familia za askari wa kikoloni ni ushahidi wa historia sawa na mafaili ya boma, na penginepo zinayashinda. Wengi wa askari wa mwanzo walikuwa watu wa kuja. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann alikuja kuzima vita vya pwani akiwa na Wasudani takriban 600 aliowaajiri Misri, pamoja na Washangani wa Msumbiji ambao Wajerumani waliwaita Wazulu. Jeshi lililoanzia kwao ndilo lililopanda bara na kuivunja ngome ya mtemi Isike hapa Unyanyembe, Januari 1893. Baadaye wengine walibaki jeshini, wengine wakawa polisi wa mabomani.

Nani aliyewapiga picha? Walther Dobbertin, Mjerumani aliyekuwa mpiga picha Dar es Salaam, alituachia picha nyingi, na leo zimo katika nyaraka za taifa la Ujerumani. Bunduki zinaonekana, kofia zinaonekana, safu imenyooka. Lakini mara nyingi Mwafrika hana jina, ni askari tu. Sasa ziweke kando ya picha za ukoo wa Sykes. Babu yao, Sykes Mbuwane, alitoka Msumbiji na kuingia jeshi la Wissmann. Mwanawe Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894, akapigana Vita vya Kwanza vya Dunia chini ya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, na mwaka 1929 akawa katibu wa chama cha African Association. Ipo picha ya Kleist akiwa na wanawe Abdulwahid, Ally na Abbas. Wawili wa kwanza walikwenda Burma na King's African Rifles, jeshi la Mwingereza, katika Vita vya Pili vya Dunia. Faili la jeshi humweka kila mmoja peke yake, chini ya bendera aliyoitumikia. Picha ya nyumbani inaunganisha baba wa vita vya Mjerumani na wana wa vita vya Mwingereza, tena katika nyumba iliyokuwa ikijenga siasa za Waafrika. Mjukuu wa Kleist, Daisy, aliandika maisha ya babu yake kutokana na maandishi aliyoyaacha mzee mwenyewe, yakachapishwa mwaka 1973. Picha na maandishi vikikaa pamoja, mgeni wa Msumbiji anapata kizazi, si namba.

Mtu atasema: picha ya studio hudanganya, koti la kuazima, saa isiyotembea, kifua kilichovimbishwa. Ni kweli. Lakini faili nalo hudanganya, na uongo wake hauna tabasamu. Namna mtu alivyotaka aonekane, na nani aliyemweka ubavuni, ni habari ambayo ofisa hakuwa na haja ya kuiandika. Tena karatasi zenyewe hupotea. Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, tarehe 25 Novemba 1918, askari wake Waafrika waliletwa kambini hapa Tabora. Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari hao mwaka 1964, inasimuliwa kwamba wazee waliofika Mwanza wachache tu walikuwa na hati, wengine wakapewa ufagio na kuamriwa gwaride kwa Kijerumani, ili miili yao ithibitishe.

Pingamizi zito zaidi ni kwamba albamu hizi zinawapamba watumishi wa mkoloni. Hilo silipuuzi. Askari aliyesimama vizuri mbele ya kamera huenda alichoma vijiji, na picha ya familia haitasema. Kwa hiyo isomwe pamoja na habari za Isike, na za wapagazi, wakiwemo Wanyamwezi, waliobeba mizigo ya Mjerumani, ya Mwingereza na ya Mbelgiji aliyeuteka mji huu tarehe 19 Septemba 1916. Wapagazi walikufa kwa maelfu, zaidi kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Askari alikuwa na mshahara wa kumlipa mpiga picha. Mpagazi hakuwa nao. Kwake yeye albamu haitusaidii, na itatubidi twende kwenye madaftari ya malipo na masimulizi ya wajukuu.