Kabla Hujang'oa Gego

Ndugu msikilizaji, nina mjomba wangu Lionja, Wilaya ya Nachingwea, mkulima wa korosho. Mzee huyu ana mapengo mawili upande wa kulia, na mapengo hayo ndiyo yaliyonifanya juma hili niache siasa nizungumzie meno.

Yalianza msimu ule wa kusubiri malipo ya korosho. Kila akiamka taya limekaza, kichwa kinagonga, maumivu yanapanda hadi sikioni. Akaambiwa ni jino. Likang'olewa gego la kwanza, maumivu yakabaki pale pale. Likafuata la pili. Hali ni ile ile!

Mganga wa meno aliyempokea safari ya tatu hakukimbilia koleo. Alimwekea vidole mashavuni akamwambia, "Baba, uma meno." Misuli ikatuna kama ngumi, na mzee akaruka kwa uchungu. Mganga akamgeukia mke wake: "Mama, mzee usiku analalaje?"

"Anasaga meno, mwanangu. Utadhani kuna mashine ya unga chumbani. Sisi tulidhani ni minyoo."

Hiyo ya minyoo tumeirithi wengi wetu, lakini haijathibitishwa. Mtoto mwenye minyoo atibiwe minyoo yake. Kusaga meno kwa watoto wengi huisha wenyewe wanapokua. Kwa mtu mzima, wataalamu hutazama zaidi wasiwasi, usingizi mbovu wenye kukoroma na kukatika pumzi, sigara, pombe, kahawa nyingi, na baadhi ya dawa, zikiwamo za kutibu sonona. Misuli ya taya ina nguvu sana. Ikifanya kazi usiku kucha, asubuhi huuma kama miguu ya mtu aliyelima kutwa. Uchungu wake huenda ukasikika kwenye jino ambalo ni zima kabisa.

Matibabu yake, basi, huanza kwa mambo madogo. Mjomba aliambiwa aache kwa muda miwa, mahindi ya kuchoma na muhogo mbichi, ale vyakula laini. Akande mashavu kwa kitambaa cha maji ya moto, yasiyounguza, dakika 10 hadi 20, kisha asugue misuli taratibu. Mchana achunge taya lake: midomo ifungwe, lakini meno ya juu na ya chini yasigusane. Jaribu sasa hivi, msikilizaji. Huenda ukajikuta umeyabana bila kujua. Dawa za maumivu kama parasetamo au ibuprofeni ni za siku chache tu, na mwenye vidonda vya tumbo au mjamzito asijinywee ibuprofeni bila kumwuliza mganga.

Kipo pia kifaa cha plastiki ngumu cha kuvaa usiku, kinachotengenezwa kwa vipimo vya meno yako kwenye hospitali zenye maabara ya meno. Hulinda meno yasilike, na wengine huwapunguzia maumivu, ingawa hakimkomeshi mtu kusaga. Wenye fedha zao huchomwa sindano za botulini za kulegeza misuli. Nguvu yake huisha baada ya miezi michache na fedha hutoka tena. Mimi nisingeanzia huko.

Jambo moja halisubiri kitambaa cha moto. Taya likikaza lisifunguke, shingo ikakakamaa, hasa kama kuna jeraha, hiyo yaweza kuwa pepopunda. Kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Ama kung'oa, jino bovu kweli lisiloweza kuzibwa ling'olewe. Lakini mgonjwa ana haki ya kuuliza: "Daktari, umeona nini kwenye jino hili? Misuli umeipima?" Mjomba hakuuliza, na mimi simlaumu, nani kwetu humhoji mwenye koti jeupe?

Baada ya wiki kadhaa maumivu yake yalipungua sana. Usiku bado husaga, asema mke wake, ila si kila siku. Mwenyewe analalamikia miwa, ambayo sasa humenyewa na wajukuu na kukatwa vipande vidogo vidogo.

Hadi juma lijalo, kwaherini.