Mnunuzi Hakuoni: Tuandae Vizuri Mashine ya Vifaranga

(Mazungumzo na mafundi vijana na vikundi vya akina mama, Manga)



Leo tuongee juu ya ile mashine ya kuangua vifaranga ambayo baadhi yenu mnaitengeneza nyumbani: sanduku la mbao, balbu za joto, feni ndogo na thamostati. Jirani wa hapa Manga akiinunua na ikiharibika, atabisha mlangoni kwako. Lakini ukiitangaza kwenye intaneti, mnunuzi pengine yuko Voi au Lodwar. Hakujui. Anatuma pesa kwa M-Pesa, anangoja mzigo. Basi kabla ya kuiuza, iandae ijisemee yenyewe.

Kwanza, ijaribu. Yai la kuku huchukua siku 21, na joto linalofaa ni karibu nyuzi 37.5. Kuiwasha saa moja si kujaribu. Weka mayai, maliza siku zote, andika joto daftarini asubuhi, mchana na jioni. Thamostati ikikosea nyuzi mbili tu, mayai mengi yataharibika. Kwa mama aliyeyanunua kwa pesa za kikundi, hiyo ni hasara kubwa, si ndiyo?

Pili, usalama. Stima yetu ni volti 240. Inaua, tena inachoma nyumba. Usiache waya wazi, wala usiunganishe kwa kusokota na kufunga nailoni. Waya unaoingia sandukuni ubanwe usivutike. Sanduku likiwa la bati, lazima liwe na waya wa ethi. Balbu mbili za wati 60 hutumia nusu ampia tu. Kwa hiyo tia kwenye plagi fyuzi ya ampia 3, si ya 13.

Tatu, maandishi. Andika karatasi moja ya Kiswahili rahisi: mayai mangapi yanaingia, maji yanawekwa wapi, na kwamba mayai yageuzwe angalau mara tatu kwa siku hadi siku ya 18. Stima ikipotea, achomoe plagi, afunike sanduku kwa blanketi, asilifungue. Ikirudi, aondoe blanketi kwanza ndipo awashe. Katiba ya 2010, kifungu cha 46, inampa mnunuzi haki ya bidhaa yenye ubora unaofaa na maelezo ya kuitumia. Na picha ya tangazo iwe ya mashine ile ile utakayotuma, ndani na nje.

Nne, safari. Mzigo utarushwa juu ya matatu. Toa balbu, zifunge kando kwa magazeti. Kisha litikise sanduku, uliwashe tena. Mahali palipolehemiwa vibaya patajionyesha hapo kwako, si kwa mnunuzi.

Katika bei, hesabu vifaa, siku zako za kazi, stima ya majaribio, na akiba ya kutengeneza ile itakayorudishwa.

Mkitaka kuuza nyingi, nendeni kama kikundi kwa Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, muulize masharti ya alama ya ubora. Alama hiyo hutolewa na shirika; fundi hajichorei mwenyewe.

Haya, mkutano ujao kila fundi aje na daftari lake la siku 21. Tutalisoma pamoja kabla ya kupiga picha yoyote.