Trekta la Zamani Linapoingia Barabarani
Mazungumzo kwa wenye matrekta na madereva wa Wadi ya Marungu



Kila mwenye trekta hapa anaijua njia ya kutoka boma hadi shamba. Ni wachache wanaojiuliza shamba linaishia wapi na barabara inaanzia wapi. Trekta linalolima nje ya Maungu au Miasenyi, likirudi na trela la mchanga au mapipa ya maji, huvuka barabara kuu ya Nairobi hadi Mombasa, au huifuata kwa kilomita kadhaa. Humo hukutana na malori ya kontena usiku na mchana. Lori lina taa, lina breki, lina bima. Trekta la miaka hamsini mara nyingi lina injini nzuri, na halina hata kimoja katika hivyo vingine.

Mengi ya matrekta haya yana historia. Yalifanya kazi kwenye mashamba ya katani ya Voi, Mwatate na Taveta, au kwenye ranchi, kisha yakauzwa kwa wafanyakazi na majirani. Massey Ferguson 135, ambalo kila fundi hapa analifahamu, lilianza kutengenezwa mwaka 1964 na likakoma katikati ya miaka ya sabini. Ford 5000 ni la nyakati hizo hizo. Wako wenye Ferguson dogo la kijivu, lililotengenezwa kati ya 1946 na 1956, na bado linavuta plau. Chuma hicho kinastahili heshima. Lakini heshima hiyo sheria haiitambui.

Wengi huamini kwamba trekta kuukuu limesamehewa. Halijasamehewa. Hata Uingereza, ambako gari lililopita miaka 40 huondolewa kodi ya barabara mwenyewe akiomba, bima bado ni lazima likitembea barabarani. Hapa Kenya, Sheria ya Bima ya Magari dhidi ya Hatari kwa Watu wa Tatu, Sura 405, inamtaka kila anayetumia gari barabarani, au anayemruhusu mwingine alitumie, awe na bima ya mtu wa tatu, ile ambayo mitaani huitwa thadi pati. Trekta ni gari. Sheria haiulizi lilitengenezwa mwaka gani, wala lina thamani gani.

Na barabara ni nini? Hapa ndipo watu hushtuka. Kwa Sheria ya Trafiki, Sura 403, barabara si lami peke yake. Ni njia yoyote ambayo gari linaweza kupita na umma unaruhusiwa kuitumia, hata kama ni njia ya miguu. Kwa hiyo ile njia ya vumbi ya kwenda kisimani, ambayo watoto wa shule huipita asubuhi, ni barabara. Trekta linalokaa ndani ya uzio wa mwenyewe na kulima humo tu ni jambo lingine. Ila hapa Marungu matrekta ya namna hiyo ni ya kuhesabu, kwa kuwa ng'ombe wako upande huu, shamba upande ule, na maji mbali na vyote viwili.

Sasa jambo lenyewe ambalo mkutano huu unalihusu. Wengi huenda kwa wakala wa bima kwanza, wakarudi mikono mitupu, wakasema kampuni hazitaki matrekta ya zamani. Mara nyingi kikwazo si umri wa trekta. Kikwazo ni jina. Wakala huomba nakala ya kitambulisho, PIN ya KRA na logbuku, na logbuku, kama ipo, ina jina la shamba la katani lililofungwa zamani, au la marehemu baba, au la mtu aliyeuza na kuhamia Mombasa. Kampuni haiwezi kumkatia mtu bima ya kitu ambacho karatasi zinasema si chake.

Jina hilo lina uzito kuliko watu wanavyodhani. Sheria ya Trafiki inasema kwamba yule aliyeandikishwa ndiye atakayehesabiwa kuwa mwenye gari, mpaka ithibitishwe vinginevyo. Tena inasema gari likishabadilisha mwenyewe, lisitumike barabarani zaidi ya siku 14 kabla ya mwenyewe mpya kuandikishwa. Chukulia mzee aliyeuza trekta lake mwaka 1998 kwa shemeji yake, kwa maneno na kupeana mikono, mbele ya mashahidi wawili. Leo trekta hilo linamgonga kijana wa bodaboda jioni. Wakili wa kijana huyo atatafuta kwenye rekodi, na jina atakalolikuta ni la mzee. Barua ya mahakama itafika kwa mzee, ambaye hajaligusa trekta hilo kwa zaidi ya miaka ishirini. Itambidi athibitishe kwamba si lake tena, na mmoja wa mashahidi wake huenda ameshazikwa. Basi aliyeuza ana sababu ya kulisukuma jambo hili kama aliyenunua, pengine na zaidi.

Kama muuzaji yu hai na anapatikana, kazi si kubwa. Usajili uko chini ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, na maombi hufanywa kwa akaunti ya eCitizen. Muuzaji huanzisha uhamisho kwenye akaunti yake, mnunuzi hukubali kwenye yake, ada hulipwa. Asiye na simu ya intaneti anaweza kusaidiwa katika Huduma Centre, au na mtoto wake anayeaminika. Asimwachie mtu wa duka la kompyuta nywila yake, maana anayeishika nywila anaweza pia kulihamisha trekta.

Logbuku ikiwa imepotea au imeliwa na mchwa, lakini nambari ipo kwenye rekodi, aliyeandikishwa huandikisha ripoti ya kupotea kituo cha polisi na kuomba nakala mpya. Kabla ya hapo, mwenye trekta asugue kutu na asome mwenyewe nambari ya injini na ya fremu. Matrekta haya yamebadilishwa injini mara nyingi. Injini ya moja imeingia kwenye jingine. Nambari zisipolingana na rekodi, afadhali mwenyewe alijue mapema na aeleze, kuliko mkaguzi aligundue na kulishuku kuwa la wizi.

Aliyeandikishwa akiwa marehemu, njia ni ndefu, na hapa ndipo familia nyingi za Taita Taveta zimekwama. Trekta ni sehemu ya mirathi kama ilivyo ardhi na mifugo. Ndugu hawawezi kukaa chini ya mwembe, wakakubaliana kwamba litachukuliwa na kaka mkubwa, kisha NTSA ikabadilisha jina kwa makubaliano hayo. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura 160, familia huanza na barua ya chifu inayowataja warithi wote, wakiwemo mabinti walioolewa. Ombi hupelekwa mahakamani. Voi, Wundanyi na Taveta zote zina mahakama. Tangazo hutolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali na watu hupewa siku 30 za kupinga. Msimamizi akishateuliwa, kwa kawaida hupita miezi sita kabla ya mahakama kuthibitisha ugawaji. Hati iliyothibitishwa ndiyo inayoiwezesha NTSA kuandika jina jipya.

Miezi sita hiyo ihesabiwe pamoja na misimu. Mwenye kutaka trekta lake liwe halali kabla ya mvua za vuli hawezi kuanza Septemba. Familia ikaanze mara baada ya mavuno, na orodha ya mali iwe kamili tangu mwanzo. Mara nyingi shamba huandikwa na trekta husahaulika, kwa kuwa watu huliona kama jembe tu.

Jina likishanyooka, bima hukatwa. Kwa trekta kuukuu, kampuni nyingi zitapendelea bima ya mtu wa tatu kuliko bima kamili, kwa sababu thamani ya chombo ni ndogo na kuipima ni taabu. Hilo halina ubaya. Bima ya mtu wa tatu ndiyo inayotakiwa na sheria. Lakini mwenye trekta aelewe anachonunua.

Bima hiyo ni ya kumlipa mtu mwingine aliyeumizwa au kuuawa na trekta barabarani. Sheria inailazimisha hadi shilingi milioni 3 kwa madai ya mtu mmoja. Mahakama ikiamua milioni 5, zile mbili zinazozidi humrudia mwenye trekta: ng'ombe, shamba, chochote alicho nacho. Mali ya watu, kama pikipiki iliyovunjika au ukuta wa duka ulioangushwa, haimo katika kile ambacho sheria inakilazimisha. Kampuni inaweza kuiongeza katika mkataba, kwa hiyo muulize wakala na msome.

Kisha kuna wale wanaopanda. Kila mtu ameliona trekta lenye dereva mmoja, wawili wamesimama nyuma yake, mmoja amekaa kwenye bawa la gurudumu, na wanane juu ya mchanga kwenye trela. Sheria haiilazimishi bima hii kuwafunika waliodandia bure. Kibarua anayefia au kuumia kazini naye hayumo katika lazima hiyo. Yeye analindwa na sheria nyingine, ile ya mwaka 2007 ya fidia kwa wanaoumia kazini, na mzigo wake ni wa mwajiri. Mwenye trekta anayeruhusu watu kudandia amejitwika hatari yao bila kampuni yoyote nyuma yake.

Jambo jingine ni matumizi. Mtu akisema kwa wakala kwamba trekta ni la kulimia shamba lake, kisha akawa analimia majirani kwa malipo kwa ekari na kubeba mawe ya wakandarasi, siku ya ajali kampuni itauliza. Ukweli usemwe tangu mwanzo, hata kama malipo ya bima yatapanda kidogo. Trela nalo litajwe, maana nalo husajiliwa na kupewa nambari yake. Dereva awe na leseni ya daraja linaloruhusu mashine za kilimo, yaani daraja G katika mpangilio wa sasa. Leseni ya gari dogo haimtoshi.

Wapo wanaouliza: kampuni si itakataa kulipa ikiona trekta halina breki nzuri? Kwa aliyeumizwa, sheria imewafunga mikono: hawawezi kumnyima kwa kisingizio cha hali ya gari, uzito wa mzigo au idadi ya watu. Watamlipa. Kisha wanaweza kumgeukia mwenye trekta wadai fedha zao.

Taa ziwekwe. Waya, balbu na vioo vyekundu vya kuakisi mwanga nyuma ya trela havigharimu hata sehemu ndogo ya mvua moja ya kulima. Upande huu wa Tsavo, dereva wa lori huwa macho akitafuta ndovu kandoni mwa barabara; trela jeusi lisilo na taa hatalitarajia kabisa. Anayeweza kurudi kabla ya magharibi, arudi.

Kuhusu serikali ya kaunti: kilimo ni jukumu la kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, na maafisa wa kilimo wa wadi wanaweza kuelekeza. Kaunti haisajili magari wala haitoi logbuku. Stakabadhi ya ushuru wa mchanga au wa mazao inaonyesha tu kwamba ushuru umelipwa. Askari wa trafiki hawezi kuipokea badala ya cheti cha bima, na anayeuza karatasi inayodai kufanya kazi hiyo ni tapeli. Cheti halali cha bima siku hizi hutolewa kidijitali na hupatikana kwenye mfumo wa kampuni za bima. Mnunuzi amwombe wakala alithibitishe mbele yake kabla ya kulipa.

Limebaki kundi moja gumu, nalo ni la mashine ambazo hazikuwahi kusajiliwa kabisa. Ziliingia nchini kufanya kazi ndani ya shamba kubwa na hazikupewa nambari. Usajili wa mara ya kwanza hutaka karatasi za forodha, na karatasi hizo nyingi zimepotea pamoja na ofisi zilizozitunza. Mwenye mashine hiyo akusanye kila alichonacho: risiti ya kuuziwa, barua ya shamba la zamani, picha ya nambari ya fremu, maelezo ya kiapo. Aandikie NTSA kabla ya kutumia fedha nyingi kuitengeneza. Mpaka atakapojibiwa, mashine hiyo ilime ndani ya uzio, na ikibidi kuihamisha, ipandishwe juu ya lori lenye bima.

Wenye logbuku za zamani wanaotaka kuzikaguliwa wabaki na afisa wa kilimo wa wadi baada ya mkutano. Waje na kitambulisho, na nambari ya fremu iliyoandikwa kwenye karatasi.